Dalili ya Mvua ni Mawingu, Lakini Si Kila Wingu Hunyesha

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima wa ufuta wa Miteja, katika Wilaya ya Kilwa, anaielewa methali hiyo kuliko wengi, na anaelewa pia jambo ambalo methali haikulitaja: mawingu mengi hupita juu ya shamba lake bila kudondosha tone. Kwa hiyo hamwagi mbegu zake zote ardhini kwa sababu ya wingu moja. Hutazama upepo, hukumbuka majira, hulinganisha mwaka huu na miaka iliyopita, ndipo akaamua.

La kushangaza ni kwamba neno hilohilo, dalili, linapotoka shambani na kuingia zahanati, tahadhari hiyo huachwa mlangoni. Homa huitwa malaria kabla ya kupimwa. Sindano huitwa muuaji kwa sababu mtoto fulani alifariki baada ya kuchomwa. Dawa husifiwa kwa sababu mgonjwa alipona baada ya kuinywa. Makala haya yanatetea jambo moja: kwamba mantiki, yaani elimu ya kupima kama hitimisho linatokana kweli na kauli zilizolitangulia, ni sehemu ya tiba, na kwamba inapaswa kusomwa na mhudumu wa afya na kufahamika kwa mgonjwa, kwa kuwa wote wawili hukosea kwa namna ileile.

Mazungumzo mlangoni mwa zahanati

Uchukuliwe mfano wa zahanati ya kijiji kando ya barabara kuu iendayo Lindi. Bibi amefika na mjukuu wa miaka mitatu, mwili wa moto, macho yamegeuka.

"Shikamoo, bibi. Mtoto ameanza lini?"

"Marahaba, mwanangu. Tangu jana alfajiri. Tulimpeleka kwanza kwa fundi, akafukizwa."

"Mbona mmechelewa hivyo? Inabidi achomwe sindano sasa hivi."

"Sindano hapana, mwanangu. Mtoto wa degedege hachomwi. Wa jirani yangu alichomwa hapahapa, jioni hakufika."

"Bibi, hizo ni imani potofu tu."

Mazungumzo ya namna hii yamesikika sana katika pwani ya Tanzania. Utafiti uliofanyika Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulieleza jinsi degedege ilivyohesabiwa na wazazi wengi kuwa ugonjwa wa kienyeji, usio malaria, unaostahili kuanzia kwa mganga wa jadi kabla ya hospitali. Miaka mingi imepita na mengi yamebadilika, lakini hofu ya sindano kwa mtoto mwenye degedege haijatoweka.

Katika mfano huu muuguzi ana ukweli upande wake, lakini hakutoa hoja. Bibi ndiye aliyetoa hoja, tena yenye ushahidi: mtoto aliyemfahamu alichomwa sindano, naye akafa siku ileile. Kuiita hoja hiyo imani potofu ni kumkana bibi macho yake, na macho yake hayakumdanganya. Kilichokosewa si alichokiona, bali hatua aliyoipiga kutoka "baada ya" kwenda "kwa sababu ya".

Visanduku vinne

Njia rahisi ya kuikagua hatua hiyo ni kuchora visanduku vinne, hata kwa kijiti mchangani. Cha kwanza ni cha watoto waliochomwa sindano wakafa. Cha pili ni cha waliochomwa wakapona. Cha tatu ni cha wasiochomwa wakafa. Cha nne ni cha wasiochomwa wakapona. Atakaye kusema kwamba sindano inaua hana budi kujua idadi ya watoto katika visanduku vyote vinne. Kumbukumbu ya kijiji, kama ilivyo kumbukumbu ya binadamu yeyote, hutunza zaidi kisanduku cha kwanza, kwa sababu msiba hukumbukwa na kupona husahaulika.

Lakini hata visanduku vinne vikijazwa kwa uaminifu, lipo swali la pili: je, watoto waliochomwa na wasiochomwa walikuwa sawa tangu mwanzo? Hapa ndipo elimu ya tiba inapoisaidia mantiki. Degedege nyingi zitokanazo na homa kwa watoto wadogo hukoma zenyewe ndani ya dakika chache, mtoto afukizwe au asifukizwe. Chache hutokana na malaria kali, homa ya uti wa mgongo au ugonjwa mwingine mzito, na hizo hazikomi kwa mafusho.

Vichukuliwe vijiji vya kufikirika vyenye watoto 100 waliopata degedege, wote wakapelekwa kwanza kwa fundi. Themanini walikuwa na degedege nyepesi. Wakatulia, na sifa ikamwendea fundi. Ishirini walikuwa na ugonjwa mzito. Hawakutulia, wakapelekwa zahanati siku ya pili wakiwa taabani. Kati ya hao, 15 wakaokolewa na sindano na watano wakafa. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, lakini umbo lake ni la kweli. Anayehesabu kwa juu juu ataona kwamba mafusho yamewaponya watoto 80 bila kifo hata kimoja, na sindano imeua mtoto mmoja katika kila wanne. Ukweli ni kinyume chake: mafusho hayakumponya yeyote, na sindano imewaokoa 15. Hakuna aliyesema uongo kijijini hapo. Wagonjwa walichujwa kabla ya kufika zahanati, na aliyetazama hakujua kwamba wamechujwa.

Ndiyo maana majaribio ya dawa hugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, ili makundi yawe sawa tangu mwanzo. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Tanzania, Ghana na Bangladesh kwa wagonjwa walioshukiwa kuwa na malaria kali na wasioweza kumeza dawa. Baadhi walipewa huko huko kijijini dawa ya atesunati ya kuwekwa njia ya haja kubwa. Wengine walipewa kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani. Kisha wote wakaelekezwa kwenda kituoni. Kati ya wale ambao baada ya zaidi ya saa sita walikuwa bado hawajafika, waliokufa au kubaki na ulemavu wa kudumu walikuwa asilimia 1.9 kwa waliopata dawa, na asilimia 3.8 kwa wasioipata. Dawa ilipunguza madhara kwa nusu. Hivyo ndivyo visanduku vinne vinavyojazwa kwa haki, na vikijazwa hivyo, mshtakiwa anayebaki kizimbani ni ucheleweshaji.

Kosa lilelile katika chumba cha daktari

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuwaachia lawama wanakijiji. Lakini mantiki haina upendeleo.

Kwa miaka mingi, katika hospitali na zahanati za Tanzania, hoja iliyotawala ilikuwa hii: mwenye malaria huwa na homa, mgonjwa huyu ana homa, kwa hiyo ana malaria. Kauli mbili za kwanza zinaweza kuwa kweli kabisa, na hitimisho likawa uongo. Ni sawa na kusema: kila mwenyeji wa Miteja ni mkazi wa Kilwa, mtu huyu ni mkazi wa Kilwa, kwa hiyo ni mwenyeji wa Miteja. Mtoto wa darasa la tano atacheka, kwani anajua kwamba wapo pia wa Kivinje, wa Masoko na wa Kipatimu. Hoja hiyohiyo ikivaa koti jeupe haichekwi, na matokeo yake huandikwa katika daftari la vifo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ulifuatilia wagonjwa 4,474 waliokuwa katika hali mbaya na kutambuliwa kuwa na malaria kali. Damu zao zilipochunguzwa kwa makini, waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 2,062, yaani chini ya nusu. Kati ya wale 2,412 wasio na vimelea, takribani thuluthi moja hawakupewa antibiotiki, ingawa wengi wao huenda walikuwa na maambukizi ya bakteria. Wenye vimelea walikufa kwa asilimia 6.9, wasio na vimelea walikufa kwa asilimia 12.1. Kifo kiliwakuta zaidi wale ambao jina la ugonjwa wao lilikosewa.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2014, yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara bila kulazwa. Malaria ilikutwa kwa asilimia 10.5 tu. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na wengi walikuwa na virusi visivyohitaji antibiotiki hata kidogo. Kwa hiyo haitoshi kuhama kutoka "kila homa ni malaria" kwenda "kila homa isiyo malaria ni bakteria". Kufanya hivyo ni kuhamisha kosa kutoka kabati moja la dawa kwenda jingine.

Kipimo cha haraka cha malaria kimesaidia sana, lakini nacho hakimwondolei mtu wajibu wa kufikiri. Katika maeneo yenye malaria nyingi, mtu anaweza kuwa na vimelea bila kuugua navyo, na kipimo kinaweza kuendelea kuonyesha chanya kwa wiki kadhaa baada ya tiba. Jibu chanya linasema kwamba kuna malaria, au ilikuwapo karibuni. Halisemi kwamba shingo iliyokakamaa ya mtoto huyu imesababishwa nayo. Mwenye malaria anaweza kuwa pia na homa ya uti wa mgongo, na kupata sababu moja si ruhusa ya kuacha kutafuta nyingine.

Ruangwa, 2022

Mkoa wa Lindi wenyewe unao mfano wa hoja iliyoendeshwa vizuri. Julai 2022, katika Wilaya ya Ruangwa, walijitokeza wagonjwa wenye homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Taarifa ya serikali ilitaja wagonjwa 20 na vifo vitatu. Wingu hilo lilifanana sana na mvua inayoogopwa kuliko zote. Kama wataalamu wangeongozwa na mfanano peke yake, jina la Ebola lingetangazwa siku ya kwanza.

Badala yake hoja ilikwenda hatua kwa hatua. Kama ni Ebola, kipimo cha Ebola kitaonyesha, hakikuonyesha. Vivyo hivyo kwa Marburg, vivyo hivyo kwa Korona. Namna hii ya kukanusha ni imara, kwa masharti kwamba kipimo ni cha kuaminika na sampuli imechukuliwa kwa wakati unaofaa. Lakini kukanusha magonjwa matatu hakuutaji wa nne, na kutojua chanzo si ushahidi wa chanzo chochote kile, kiwe sumu, kiwe mkono wa mtu. Uchunguzi uliendelea hadi ikabainika kuwa ni leptospirosisi, iliyotangazwa kwa jina la homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na mkojo wa wanyama walioambukizwa, wakiwemo panya, unaochafua maji na udongo. Ugonjwa huo unatibika kwa antibiotiki. Kwa mgonjwa, uvumilivu wa kusema "bado hatujajua" ulikuwa na thamani ya uhai.

Maelezo yasiyoshindwa

Kuna methali nyingine isemayo: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Inafaa katika kumtahadharisha mtu asipuuze habari. Ikigeuzwa kuwa kanuni ya ushahidi, ni hatari, kwa sababu haiwezi kushindwa: likitokea, lilikuwapo, lisipotokea, li njiani.

Historia ya Kilwa inafundisha jambo hili kwa machungu. Mwaka 1905, katika milima ya Matumbi, magharibi ya Miteja, watu walichoka na kilimo cha pamba cha kulazimishwa na ukatili wa utawala wa Wajerumani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa maji yaliyoaminika kuzigeuza risasi kuwa maji. Yeye mwenyewe alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti mwaka huo, na vita vikaenea kusini kote. Walipoanguka waliopakwa maji, yalikuwapo maelezo tayari: aliyekufa alivunja mwiko. Kwa maelezo hayo, hakuna kifo ambacho kingeweza kuthibitisha kwamba dawa haizuii risasi.

Kuyasema haya si kuwavunjia heshima mashujaa wale. Madai yao yalikuwa ya haki, na maji yaliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana pamoja. Somo la mantiki ni kwamba haki ya madai na ukweli wa dawa ni mambo mawili, na kila moja linahitaji ushahidi wake.

Tabibu wa leo naye asijione yuko mbali. Dawa inaposhindwa, maelezo ya kwanza mdomoni mwake mara nyingi ni kwamba mgonjwa hakumaliza dozi. Huenda ni kweli. Lakini ikisemwa kila mara bila kuulizwa wala kuhakikishwa, haina tofauti na ule mwiko uliovunjwa. Kama kila kushindwa kwa klorokwini kungeelezwa hivyo, usugu wa vimelea usingejulikana. Ulijulikana kwa sababu wagonjwa walimeza dawa mbele ya macho ya watafiti, wakafuatiliwa, na walioshindwa kupona wakahesabiwa. Ndipo Tanzania ikaiacha klorokwini mwaka 2001 na kuweka SP, kisha kuanzia mwaka 2006 ikahamia dawa mseto ya ALu.

Elimu isiyo ngeni

Wapo watakaosema kwamba mantiki ni somo la kigeni. Neno lenyewe linakana. Limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, lugha ya elimu iliyosomwa Kilwa kwa karne nyingi. Ibn Sina, aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037 na kuandika kitabu cha tiba kilichofundishwa kwa mamia ya miaka, aliandika pia juu ya mantiki, na katika kitabu chake kikuu cha falsafa mantiki ndiyo iliyotangulia. Kabla yake, Galen aliandika risala nzima akitetea kwamba tabibu bora ni mwanafalsafa pia. Kwa wakongwe hao, kutibu na kufikiri kwa utaratibu havikutenganishwa.

Wengine watasema kwamba foleni ya zahanati haina nafasi ya falsafa. Pingamizi hili ni zito zaidi, kwa maana muuguzi mmoja anaweza kuwa na wagonjwa makumi kwa siku. Lakini mantiki inayohitajika ni ya maswali matatu tu. Je, wapo waliofanyiwa jambo hili wasipatwe na tokeo hili, na waliopatwa bila kufanyiwa? Je, kuna maelezo mengine yanayoweza kuleta tokeo hilohilo? Na je, ni kitu gani kikionekana kitanifanya nikubali kwamba nimekosea? Maswali hayo huchukua dakika moja. Kumzika mtoto huchukua siku nzima, na kurudisha imani ya kijiji huchukua miaka.

Mada ya mantiki imo katika hisabati ya juu ya kidato cha tano na cha sita, lakini wengi wanaoingia katika uuguzi na utabibu hawapiti njia hiyo. Vyuo vya afya havina haja ya kuwafundisha alama za kihisabati. Vinaweza kufundisha mantiki kwa visa: katika kila kikao cha kujadili vifo, mmoja apewe kazi ya kuandika hoja iliyomfikisha mgonjwa kwenye utambuzi wake, kauli kwa kauli, na wengine waulize ni kauli gani haikuwa na ushahidi. Mjadala uelekezwe kwa kauli, usielekezwe kwa aliyeitoa, ili muuguzi mdogo aweze kumuuliza daktari mkuu bila kuonekana mtovu wa adabu.

Ni kweli pia kwamba mantiki ina mipaka. Huonyesha kama hitimisho linatokana na kauli. Haitoi kauli zenyewe, ambazo hupatikana kwa kupima, kuhesabu na kumsikiliza mgonjwa. Tena mantiki si fimbo ya kumshindia mtu. Anayeitumia kumwaibisha bibi mbele ya watu atashinda mjadala na kumpoteza mtoto.

Muuguzi yule, basi, angeweza kusema hivi: "Pole sana kwa mtoto wa jirani, bibi. Nimekusikia: alichomwa, akafa. Naomba nikuulize, alikuwa ameugua siku ngapi kabla ya kuletwa?" Bibi angejibu, labda, siku mbili. "Na wapo watoto waliochomwa hapa wakapona?" Bibi angefikiri, angemtaja mmoja, kisha wa pili. "Basi huenda si sindano iliyomuua, bibi, bali zile siku mbili. Huyu wetu ana siku moja. Tusimwongezee ya pili."

Mzazi anayesoma haya ayachukue mambo mawili. Mtoto akipata degedege, alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote mdomoni, apelekwe kituo cha afya bila kupitia kwingine, hata kama imekoma. Na akiambiwa kwamba kipimo cha malaria hakina kitu, asiondoke kabla ya kuuliza kwa adabu: "Kama si malaria, daktari, ni nini?" Swali hilo ni haki yake, na daktari anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa.